Mfiwa Anayefanya Japa Naye Ana Haki ya Daktari

Japa ya kutembea ni nini?
Ni kutaja majina ya Krishna, mungu wa Wahindu, huku unatembea polepole, mkono wa kulia ukiwa ndani ya kifuko cha shanga. Mala moja, yaani uzi wa shanga hizo, ina shanga 108 za mti wa tulasi, jamii ya mrihani, na kwa kila ushanga mantra, yaani maneno matakatifu yenye majina hayo, hutamkwa mara moja. Waliopata diksha, yaani kupokewa rasmi na guru, katika ISKCON, jumuiya ya waumini wa Krishna aliyoianzisha mwalimu wa dini Prabhupada mjini New York mwaka 1966, huahidi mizunguko 16 ya mala kila siku, yaani karibu saa mbili. Wengi hutembea alfajiri ili wasisinzie.

Inamsaidia aliyefiwa?
Ndiyo. Kutembea hupunguza wasiwasi na husaidia kupata usingizi usiku. Ila asitembee peke yake kila siku. Afuatane na mtu, na machozi yakija, yaachwe yatoke. Mwenye kisukari avae viatu, hata kama wenzake wanakwenda peku. Miguu yenye ganzi haisikii kidonda.

Gita, kitabu chetu kitakatifu, inasema roho haifi. Kulia si upungufu wa imani?
Hapana. Arjuna, shujaa ambaye Krishna alimwambia Gita, aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake mwenyewe, na mwanawe Abhimanyu alipouawa vitani bado alimlilia. Tafadhali, acheni kumwambia mjane anyamaze.

Akizidisha mizunguko, huzuni itaisha bila hospitali?
Hapana. Narudia: hapana. Mimi daktari, huyu ndiye ninayeletewa kliniki akiwa amechelewa: mama aliyefiwa na mume, pete imefungwa uzi isimponyoke kidoleni, hali chakula, halali usingizi, usiku kucha anavuta shanga. Nyumbani wanamsifu kwamba ameshinda tamaa za dunia. Mama huyu ni mgonjwa! Sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, hutibika, lakini sifa haziitibu.

Tumlete lini?
Ikiwa kwa wiki mbili karibu kila siku hana hamu ya kitu, hali chakula vizuri, halali, au anajiona hana thamani, mleteni. Akisema anatamani kumfuata marehemu, mleteni siku hiyo hiyo, wala msimwache peke yake hata dakika moja. Maneno hayo msiyafasiri kuwa ni shauku ya kwenda kwa Krishna.

Si tungoje kwanza siku 13 za ibada ya msiba ziishe?
Hapana! Ibada itaendelea jioni, kliniki aende asubuhi. Sijui kwa nini hili bado linabishaniwa wakati mtu anakonda mbele ya macho yetu.

Akipewa dawa, aache japa?
Asiache. Dawa nyingi za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, na japa ya kutembea na mwenzake inafaa sana katika kipindi hicho. Asizikatishe mwenyewe kwa sababu amejisikia vizuri baada ya kirtani moja, yaani kuimba majina ya Krishna kwa pamoja. Na kabla ya mfungo wa Ekadashi, siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi mwandamo, hasa ule wa bila maji, amuulize daktari wake. Anayetumia insulini asijaribu kabisa bila kuuliza.