Kwa nini mbegu za mpopi mkubwa mweupe hungoja moshi?

Kwa miaka mingi niliamini mbegu iliyolala huamshwa na joto. Hapa Tabora tumezoea hivyo: mbegu za mgunga unazimwagia maji ya moto, unaziacha zilale humo, asubuhi zimevimba, unazitia kwenye viriba. Basi niliposikia kwamba Romneya coulteri, yaani mpopi mkubwa mweupe, ua la kichaka la California, huchipua baada ya moto kupita, nikajijibu mara moja: moto umepasua ganda.

Nilikosea, na wengi bado hukosea hapo hapo. Mbegu ya mgunga ina ganda lisilopitisha maji, ndiyo maana maji ya moto huifaa. Lakini zipo mbegu za porini, za mpopi huu zikiwemo, ambazo maji si shida yao. Zinachongoja ni moshi. Mwaka 1997, watafiti Keeley na Fotheringham walionyesha kuwa mbegu za Emmenanthe penduliflora, mmea mwingine wa California, huamshwa na moshi peke yake, bila joto.

Fikiria mtu aliyejifungia ndani usiku. Mvua ikigonga bati, hafungui. Mgeni akipiga hodi, hafungui. Akisikia sauti ya nduguye, komeo linatoka. Kwa mbegu hizi, sauti hiyo ni kemikali za moshi zinazoshuka udongoni na maji. Zinaleta habari kubwa: vichaka vilivyotia kivuli vimeungua, jua limefika chini, nafasi ipo. Anayeona miombo ikichipua baada ya moto wa kiangazi ataelewa thamani ya kuwahi.

Sauti yenyewe si moja kwa mimea yote. Mwaka 2004 wanasayansi walitambua ndani ya moshi kemikali za kundi liitwalo karrikini, zinazoamsha mbegu za mimea mingi. Ila kwa Emmenanthe kilichofanya kazi kilikuwa gesi ya nitrojeni daioksidi. Kwa hiyo tusiutaje ufunguo mmoja kuwa ndio wa mbegu zote.

Turudi kwa Romneya: mpopi huu ni wa ukoo mmoja na mmea wa kasumba, lakini ni wa jenasi nyingine, yaani tawi jingine la ukoo huo. Hupita mita 2, na ua lake hukaribia sentimita 20: petali sita nyeupe zenye mikunjo kama kanga iliyotolewa sandukuni, katikati manjano tupu. Ni ua la kusimamisha mtu njiani.

Ukitaka kuujaribu, panda mbegu kwenye mchanga, tandaza juu majani makavu ya msonobari, yachome, kisha yakipoa mwagilia. Mizizi yake haipendi kuguswa, hivyo tumia viriba vya maganda ya mgomba, uuzike mche pamoja na kiriba chake. Kwao mvua hunyesha wakati wa baridi na kiangazi ni kikavu. Kwetu mvua za Novemba hadi Aprili huja na joto, na mizizi ikikaa majini huoza. Chagua tuta lililoinuka, lenye jua siku nzima. Ukishika, utatambaa chini kwa chini, kwa hiyo uweke mbali na mboga.