Usipige Windows kabla ya kuangalia saa

Jamani, kompyuta ikiwaka na kuandika "No bootable device" haijasema diski imekufa, wala Windows imeharibika. Imesema haioni pa kuanzia. Juzi tena nimeletewa mashine ya ofisi kutoka Mwanga, hapa Kigoma. Imeshafomatiwa na kupigwa Windows mpya, matokeo ya wanafunzi yamekwenda, na saa ya BIOS (programu ya kwenye bodi inayoanza kabla ya Windows) bado inasoma mwaka 2012. Tatizo lenyewe halijaguswa!

Kwenye bodi kuu ya kompyuta kuna betri bapa, CR2032, volti 3, ya kulisha saa hiyo. Mashine ya mezani ikiwa imechomekwa, hata kama imezimwa, saa hulishwa na pawa saplai. Ukizima swichi ya ukutani, mzigo wote unabaki kwa betri. Ofisi nyingi huizima kila jioni kwa kuogopa radi, na wana haki, ila betri inachoka mapema.

Ikiisha, saa inarudi nyuma, na kwenye mashine nyingi za zamani mipangilio nayo inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Hapa ndipo watu wanapopoteza kazi zao bure. Windows iliyopigwa kwa Legacy (njia ya zamani ya kuwasha) haitawaka BIOS ikirudi kwenye UEFI (njia mpya) tupu. Diski iliyokuwa AHCI ikirudi RAID (namna mbili za bodi kuongea na diski), nembo ya Windows inatokea, kisha skrini ya bluu. Diski nzima, faili zote zimo, halafu mtu anafomati!

Ingia BIOS: F2 au Del, kwa HP mara nyingi F10, ukibonyeza mfululizo tangu unapowasha. Piga picha kila ukurasa kwa simu. Soma tarehe, kisha tafuta jina la diski. Likiwepo, badilisha kitu kimoja (Legacy au UEFI, AHCI au RAID), hifadhi, jaribu. Kisiposaidia kirudishe kabla ya kugusa kingine. Lisipokuwepo, anza na kebo.

Mita usiiamini sana. Betri iliyochoka inaweza kusoma karibu volti 3 ikiwa mkononi, ikashuka ikishapewa kazi. Mimi naweka mpya tu. Saa ikiendelea kurudi nyuma, kosa huenda liko kwenye bodi, na hapo simwahidi mteja kwamba nitalipata.

Ukipeleka mashine kwa fundi, mwambie: "Fundi, nionyeshe kwanza diski kwenye BIOS, ndipo tuongee habari za kufomati." Akikataa, chukua mashine yako uondoke.