Mshikamano wa mtoto na mlezi ni nini?

Mshikamano ni uhusiano unaomfanya mtoto mdogo amtafute mtu fulani, na si mtu yeyote tu, anapoogopa, anapoumwa au anapochoka. Mtoto anaweza kupendwa na ploti nzima, lakini homa ikimpanda usiku ni mmoja au wawili tu wanaoweza kumtuliza. Hao ndio alioshikamana nao. Muuguzi, mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka mtaa wa Kayole, Nairobi, au mlezi katika makao ya watoto asipoijua dhana hii, ataita utundu au deko tabia ambayo ni dalili ya ukuaji.

Mtoto hazaliwi nao. Wiki za mwanzo hukubali kubebwa na yeyote. Baada ya miezi michache huanza kuchagua, na kati ya miezi sita na tisa mambo hugeuka: yule aliyekuwa akipokezanwa kanisani kutoka mkono hadi mkono sasa anamlilia mgeni, na mama akienda tu kuanika nguo, nyumba haikaliki. Watu husema amedekezwa. Kumbe akili yake imekua kiasi cha kujua kwamba mama yupo hata asipoonekana, ila bado hajui kama atarudi. Kilio hicho kwa kawaida huwa kikali karibu na umri wa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, na kufikia miaka mitatu watoto wengi wanaweza kuambiwa "nitarudi jioni" wakangoja.

Aliyeipa dhana hii umbo ni John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, ambaye mwaka 1951 aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu watoto waliokosa malezi ya mama. Mwenzake, Mary Ainsworth, alikuja Uganda katikati ya miaka ya 1950 akatembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akiketi na akina mama majumbani mwao. Aliona jinsi mtoto anavyotambaa kwenda kuchunguza vitu, anageuka kuhakikisha mama yupo, kisha anaendelea. Aliona pia kwamba mtoto ambaye mama yake anazifahamu vizuri ishara zake halii sana na huthubutu zaidi. Natamani kila mwanafunzi wa uuguzi hapa Nairobi afundishwe hilo: sehemu kubwa ya msingi wa nadharia hii ilitoka kwa watoto wa Kiganda, majirani zetu.

Mahali ambapo dhana hii huokoa watoto zaidi ni wodini. James Robertson, aliyefanya kazi na Bowlby, aliwachunguza watoto waliolazwa hospitalini London wakati wazazi waliruhusiwa kuwaona kwa muda mfupi tu. Aliona hatua tatu. Kwanza mtoto hulia, hupiga mateke, hutazama mlango. Kisha hunyamaza: hula kidogo, hajishughulishi, amejikunja kitandani. Hatimaye huanza tena kucheza na kumchekea kila muuguzi, na mama akija hamtazami, au anachukua biskuti mkononi mwake na kugeukia ukuta.

Hiyo hatua ya pili ndiyo hupotosha wengi. Sista mwenye vitanda vingi humwambia mama kwenye simu, "Usijali, ameshazoea, hasumbui tena," naye anasema kwa nia njema kabisa. Lakini mtoto wa mwaka mmoja aliyeacha kulia bila kupata mtu wa kumshika huenda amekata tamaa tu. Anayelia bado anaamini kwamba kuna atakayekuja. Matokeo ya kazi hiyo yalisaidia kubadilisha sera: mwaka 1959 kamati ya serikali ya Uingereza ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao hospitalini bila vizuizi. Hapa kwetu ni kawaida mama kulala na mtoto wodini, na ni utaratibu wa kulindwa kwa nguvu zote. Shida huja pale mama analazimika kurudi Mukuru kwa sababu ameacha wengine wadogo nyumbani. Hapo muuguzi aulize: nani mwingine anamjua mtoto huyu? Nyanya au shangazi aliyezoeleka akija kukaa naye, hiyo pia ni tiba.

Maana si lazima awe mama. Mwaka 1964 Rudolph Schaffer na Peggy Emerson walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 60 wa Glasgow, na kufikia mwaka mmoja na nusu wengi walikuwa wameshikamana na zaidi ya mtu mmoja: baba, nyanya, ndugu. Kwa hiyo mama anayeondoka alfajiri kwenda kibaruani Industrial Area asihukumiwe. La muhimu ni kwamba anayebaki na mtoto awe yule yule kesho na keshokutwa, na awe anaitikia mtoto anapoita. Na mama asitoroke kwa kunyata mtoto akiangalia pembeni. Akiaga, mtoto atalia. Akitoroka, mtoto atajifunza kwamba kila akigeuza macho mtu hupotea.

Hapo ndipo lipo jambo ambalo nyumba nyingi za Nairobi hulipuuza: yaya. Anamlea mtoto mwaka mzima, anakwenda nyumbani Desemba, harudi, na Januari anakuja mwingine. Mtoto anakojoa kitandani upya, anakataa chakula, na mgeni analaumiwa. Huyo mtoto anaomboleza. Bowlby mwenyewe aliachwa na yaya wake akiwa na umri wa miaka minne hivi, na hakuisahau huzuni hiyo. Mruhusuni yaya anayeondoka aage. Mpigieni simu mtoto amsikie, na yaya mpya aje siku chache kabla wa zamani hajaondoka, ikiwezekana.

Katika makao ya watoto hali ni nzito zaidi, kwa kuwa walezi hubadilishana zamu na mmoja huangalia wengi. Wageni hufurahi mtoto wa miaka mitatu anapowakimbilia na kuomba kubebwa na mtu asiyemjua. Mara nyingi huyo ni mtoto ambaye hajapata wa kushikamana naye, kwa hiyo kila mtu kwake ni sawa. Ni mojawapo ya sababu Kenya, kwa mkakati wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2032, inataka watoto watoke kwenye taasisi warudi kwa familia zao, kwa jamaa au kwa walezi wa kambo. Uhusiano mpya hujengeka hata kwa aliyechelewa, ila huchukua miezi, na mwanzoni mtoto humjaribu mlezi kwa hasira na ukaidi. Afisa wa watoto anayelijua hilo humwandaa mlezi mapema, ili asimrudishe mtoto wiki ya tatu akisema ameshindwa naye.