Aliyeruhusiwa wodini anarudi nyumbani kufanya nini?

Kila mwaka, Siku ya Afya ya Akili Duniani, yaani tarehe 10 Oktoba, hutukuta sisi wataalamu wa afya ya akili tunaohudumu mkoani Mtwara katika mikutano ya vijiji, na kwa kuwa msimu wa mauzo ya korosho nao huwa unaanza, watu hujitokeza kwa wingi na malalamiko yao huwa wazi. Linaloongoza ni kwamba hospitali zinawaruhusu wagonjwa wa akili kabla hawajapona. Mzazi husimama akauliza kwa nini mwanawe aliyelazwa juzi akizungumza peke yake amerudishwa nyumbani ilhali bado kuna wakati anazungumza peke yake. Mwenyekiti wa kitongoji naye huuliza kwa nini mtu huyo asipelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, akakae huko mpaka apone kabisa. Wanaouliza hivyo ni watu waliochoka kuuguza, na wanastahili jibu lililokamilika.

Kwanza, Mirembe. Hospitali hiyo ya Dodoma ilianza kupokea wagonjwa mwaka 1927, enzi za Waingereza, na kabla yake Wajerumani walikuwa wamefungua kituo cha wagonjwa wa akili cha Lutindi, Korogwe. Vituo vya namna hiyo vilijengwa kwa wazo lililokuwa limeenea duniani kote wakati ule, kwamba mgonjwa wa akili aondolewe miongoni mwa watu, awekwe mbali, atunzwe huko kwa miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi yetu ilianza kuondoka kwenye wazo hilo, pale mpango wa taifa wa afya ya akili ulipojaribiwa katika mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro kwa kuwafundisha watumishi wa zahanati na vituo vya afya kuwatibu wagonjwa karibu na makwao. Mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2013, na ambao unaendelea hadi mwaka 2030, unazitaka nchi zote zisogeze huduma kwenye jamii. Kwa hiyo anayesema hospitali "zimeanza kuwafukuza wagonjwa siku hizi" amekosea, na ningependa kauli hiyo isirudiwe tena mikutanoni. Mirembe ni hospitali ya rufaa ya taifa. Kutoka Mtwara ni takribani kilomita 1,000 kwa barabara, na mgonjwa anayepelekwa huko bila sababu ya kitabibu anawapoteza ndugu, shamba na mazoea yake kwa pamoja, yaani vitu vilevile ambavyo vingemsaidia kusimama tena.

Sasa neno lenyewe, kupona. Aliyepona malaria hana malaria tena, na wengi wanataka skizofrenia, yaani ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyokuwepo, au ugonjwa wa hisia mseto, unaompandisha na kumshusha mtu hisia kupita kiasi, upimwe kwa kipimo hichohicho. Wapo ambao dalili huisha wasizione tena. Wapo ambao dalili hupungua na kurudi, kama ilivyo kwa mwenye kisukari au shinikizo la damu, ambaye hakuna anayemwambia asioe, asilime wala asisemeshwe mpaka apone kabisa. Mwaka 1987 huko Marekani, katika jimbo la Vermont, yalitolewa matokeo ya utafiti uliowafuatilia wagonjwa 269 waliokuwa wamekaa wodini muda mrefu na kuonekana hawana tumaini. Baada ya miaka 32 hivi, kati ya nusu na theluthi mbili yao walikuwa wamepata nafuu kubwa au wamepona, na kilichotangulia kuruhusiwa kwao kilikuwa mpango wa utengamao: makazi, kazi na watu wa kuwafuatilia. Jambo hilo ndilo tunalolijenga sasa. Matibabu yanaanza kwa kumuuliza mgonjwa anataka maisha yake yawe vipi, na dawa inapangwa kulisaidia jibu hilo.

Katika kijiji kimoja cha uwanda wa Makonde nilimkuta kijana amefungwa mnyororo kwenye mkorosho nyuma ya nyumba, mwaka wake wa pili huo. Mama yake alikuwa amezungushia vipande vya kitenge kwenye pingu ya mguuni ili chuma kisimkate mtoto, na kila kitenge kilipochakaa alikibadilisha. Niliviona vitambaa hivyo, kimoja juu ya kingine, vya zamani vimegeuka vyeusi kwa jasho na vumbi. Sikuona ukatili pale. Niliona mama ambaye hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ipo njia nyingine. Kijana alilazwa wiki nne, akarudi. Muuguzi alipomuuliza anataka nini, alijibu kwamba anataka korosho zake zipimwe kwa jina lake kwenye chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima. Jibu hilo liliandikwa kwenye faili lake, juu ya jina la dawa. Leo anaanika korosho jamvini, anachambua, anapeleka ghalani mwenyewe. Sauti bado anazisikia baadhi ya siku, hasa akikosa usingizi, na siku hizo humwambia mama yake mapema.

Naeleza utaratibu wa kulazwa kwa kirefu kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inatambua mgonjwa anayelazwa kwa hiari yake na anayelazwa bila hiari. Wa kwanza huja mwenyewe au na ndugu, hueleza tatizo lake, hupimwa, na huweza kuomba kuondoka. Wa pili ni yule ambaye hali yake inahatarisha maisha yake au ya wengine na hawezi kuliona hilo kwa wakati huo. Kwake lazima kuwe na maombi, uchunguzi wa kitabibu na mamlaka ya mahakama, kwa sababu Ibara ya 15 ya Katiba inalinda uhuru wa kila mtu na ugonjwa haumwondolei mtu uhuru huo. Maana yake ni kwamba ndugu kuamua kwenye kikao cha ukoo kuwa fulani "akafungiwe hospitali" hakumlazimishi daktari kumlaza. Anzeni zahanati ya kijiji, mpate barua ya rufaa, mwende hospitali ya wilaya, na ikibidi hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi. Akiwa amepandwa na hali ya hatari, msingoje barua: mleteni moja kwa moja, na mkishindwa kumleta kwa usalama, pitieni kwa mtendaji wa kijiji au polisi, mkieleza wazi kwamba huyu ni mgonjwa na hajakamatwa kwa kosa.

Kuhusu minyororo, kamba na vipigo, naomba nieleweke vizuri. Kumfungia mtu isivyo halali ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Shambulio linaloleta jeraha mwilini linaangukia kifungu cha 241, ambacho adhabu yake hufika kifungo cha miaka mitano. Madhara yakiwa makubwa, kifungu cha 225 kinafikisha miaka saba. Undugu hauyafuti makosa hayo, wala nia njema haiyafuti. Mganga wa tiba asili anayepokea wagonjwa anatakiwa awe amesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na usajili huo haumpi ruhusa ya kumfunga mtu wala kumnyima chakula. Anayemtaja bibi wa jirani kuwa ndiye aliyemroga mgonjwa anaingia katika makosa ya Sheria ya Uchawi, Sura ya 18. Familia inayokuja kutuomba msaada wa kumfungua mgonjwa wao tunaisaidia kumfungua. Hilo ndilo linalotangulia.

Dawa nazo zina malalamiko yake, na hapa lawama nyingine ni yetu wataalamu. Dawa za kutuliza dalili kama sindano ya flufenazini, ambayo huchomwa kila baada ya wiki mbili hadi nne, pamoja na vidonge vya haloperidoli, vinaweza kumkakamaza mtu mwili, kumtoa mate na kumtetemesha mikono. Mkulima ambaye mikono yake haishiki panga ataacha dawa, na ndugu watasema ni mkaidi. Huyo anahitaji dozi ipunguzwe, au aongezewe benzeksoli, dawa ya kupunguza kukakamaa na kutetemeka, au abadilishiwe dawa, na yote hayo yanawezekana kliniki endapo atasema na akasikilizwa. Tafadhali msimfichie dawa kwenye uji. Akigundua, hataamini tena uji wenu wala dawa yetu. Msimu wa mabibo, uraka, yaani pombe ya mabibo, nao huleta wagonjwa wengi. Anayekunywa kila siku kwa muda mrefu kisha akaacha ghafla akaanza kutetemeka na kuona vitu visivyokuwepo aletwe hospitali siku hiyohiyo, kwani hali hiyo huua.

Jambo la mali silipiti juu juu. Kila msimu tunakuta mtu ambaye mikorosho yake imevunwa na kaka, malipo yakaingia akaunti ya kaka, na mwenyewe anapewa shati. Anapolalamika, inaelezwa kwamba ugonjwa umemrudia. Ndugu hapati mamlaka juu ya shamba la mtu kwa kuwa mtu huyo amelazwa. Pale ambapo mgonjwa kweli hawezi kusimamia mali yake, mahakama ndiyo yenye uwezo wa kumweka msimamizi, na msimamizi huyo hutoa hesabu. Viongozi wa vyama vya msingi wanaweza kuzuia mengi kwa kukataa tu kubadilisha jina la mwanachama bila amri ya mahakama. Tunawahimiza maofisa ustawi wa jamii wa halmashauri waletewe mashauri haya mapema, kabla ya mnada, kwa sababu fedha ikishagawanywa hairudi kwa urahisi, na nimewaona watu waliokuwa wakiendelea vizuri wakirudi wodini kwa sababu hiyo pekee.

Mgonjwa anapokaribia kuruhusiwa, wodi humwita ndugu mmoja ambaye mgonjwa mwenyewe amemtaja. Ndugu huyo aje siku moja kabla kama inawezekana, akae na muuguzi, aelezwe tarehe ya kliniki, zahanati ambako mgonjwa atachomwa sindano, dalili za mwanzo ambazo mgonjwa amezitaja mwenyewe, na nani wa kujulishwa zikionekana. Aje na nauli ya watu wawili, kwa maana tumeona mgonjwa akisubiri kituoni huku ndugu akitafuta ya kukopa. Aje pia na nguo safi na viatu vya mgonjwa, kwani wengi hulazwa wakiwa peku, na mtu anaposhuka basi kijijini kwake majirani humtazama kuanzia miguuni.