Soksi za vidole kwa wakimbiaji na wapanda vilima wa Mwanza: maswali na majibu

Mwanza haina uhaba wa mahali pa kufanyia mazoezi ya miguu. Wapo wanaokimbia alfajiri kutoka Kirumba hadi Capri Point, wapo wanaopanda vilima vinavyouzunguka mji mwishoni mwa juma, na wapo wanaovuka kwa boti kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane ili kutembea juu ya miamba. Wengi wao husumbuliwa na kero moja ambayo hudharauliwa hadi siku inapomlazimisha mtu kurudi nyumbani akichechemea, nayo ni malengelenge ya vidole vya miguu. Soksi za vidole hutajwa mara kwa mara kuwa dawa ya kero hiyo. Kwa baadhi ya watu ni kweli, na kwa wengine ni fedha iliyopotea bure, kwa hiyo ni vema kujua uko upande gani kabla ya kununua.

Swali: Soksi za vidole ni soksi za namna gani?

Ni soksi zilizofumwa kama glavu, yaani kila kidole kina mfuko wake badala ya vidole vyote vitano kukaa pamoja ndani ya ncha moja. Kitambaa hupita katikati ya kidole na kidole hadi kwenye shina. Kazi yake mahususi ni kuzuia ngozi ya kidole kimoja isigusane na ngozi ya kidole jirani, na kunyonya jasho linalojikusanya mahali hapo. Kazi nyingine zote, kama vile kulinda kisigino au kupunguza kishindo cha mguu unapotua, hazifanyi vizuri zaidi kuliko soksi ya kawaida iliyo nzuri.

Swali: Lengelenge hasa hutokana na nini?

Wengi hudhani kwamba kiatu husugua ngozi kwa juu mpaka ikachubuka. Huo ni mchubuko, wala si lengelenge. Lengelenge huanzia ndani zaidi: mguu unapotua, mfupa husogea mbele ilhali ngozi ya juu imeshikwa na soksi au na kidole jirani, hivyo tabaka za ngozi zilizo katikati huvutwa huku na huku, hatua baada ya hatua, hadi zikaachana, kisha majimaji ya mwili yakajaa katika nafasi hiyo. Ndiyo maana mtu anaweza kupata lengelenge kubwa bila ngozi ya juu kuwa na jeraha lolote.

Jasho huongeza tatizo, kwa kuwa ngozi yenye unyevu hushikamana na kitu inachogusana nacho kuliko ngozi kavu. Kati ya vidole hakuna hewa inayopita, na mtu anayekimbia kandokando ya ziwa jua likiwa limekwisha kupanda hutoka jasho jingi mahali hapo kabla hajafika nusu ya safari yake. Ukivua kiatu baada ya mteremko mrefu na kutazama ubavu wa kidole cha nne, mara nyingi utaona mahali ambapo ukucha wa kidole kidogo umekuwa ukibonyeza. Kwanza huwa ni doa lenye joto na linalochoma, kisha ngozi hubadilika na kuwa nyeupe, iliyokunjamana kwa unyevu, na mwisho hujitokeza kifuko cha maji, kirefu na chembamba kufuata mstari wa ukucha. Vitabu vingi vinamwambia msomaji atafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo amini zaidi joto na mchomo unaousikia kuliko rangi unayoiona.

Swali: Je, kila mkimbiaji anazihitaji?

Hapana. Kabla ya kununua, jiulize lengelenge lako hutokea wapi. Likiwa kati ya vidole, kwenye ubavu wa kidole, au chini ya kidole kidogo ambacho hujikunja na kulaliwa na jirani yake, soksi za vidole zina nafasi kubwa ya kukusaidia, maana zinaondoa kile kinacholeta shida. Likiwa kisigino, tatizo liko kwenye kiatu kinachopwaya au kamba zisizokazwa vizuri. Likiwa katikati ya unyayo, chunguza soli ya ndani ya kiatu, na pia chunguza kama soksi yako inateleza na kujikunja. Likiwa kwenye ncha za vidole, kiatu ni kifupi. Katika hali hizo tatu za mwisho soksi za vidole hazitabadilisha chochote, na mtu akizilaumu atakuwa amezionea.

Mtu ambaye hukimbia au kutembea mwendo mrefu bila kupata malengelenge hana sababu ya kubadili soksi anazozivaa.

Swali: Nichague kitambaa gani?

Epuka soksi ambayo ni pamba tupu. Pamba hunyonya jasho vizuri lakini hailiachii, na soksi iliyolowa hulegea, hujikunja na kuikalisha ngozi katika unyevu kwa muda wote uliobaki. Soma lebo na utafute nailoni, poliesta au mchanganyiko wa hizo na nyuzi kidogo za kunyumbulika, ambazo huifanya soksi ishike umbo la mguu. Sufu ya kondoo wa merino nayo ni nzuri sana. Watu wa ukanda wetu huiogopa kwa kudhani kwamba sufu ni ya nchi za baridi, lakini soksi nyembamba ya merino huvumilia jasho bila kunuka haraka na haigandi kwenye ngozi inapolowa.

Kwa hali ya hewa ya Mwanza, chukua nyembamba. Soksi nene ya vidole huweka kitambaa kingi katikati ya vidole, hivyo huvisukuma vitanuke na kukibana kiatu ambacho jana kilikuwa kikikutosha.

Kabla ya kulipa, igeuze soksi ndani nje na upitishe kidole cha mkono kwenye ncha ya kila mfuko. Mshono ulioinuka ambao mkono unausikia kidogo tu, mguu utausikia sana baada ya saa moja ya kukimbia. Hapo ndipo soksi za bei ya chini hushindwa mara nyingi, na ndipo pia unapoweza kuipata iliyofumwa vizuri hata kama haina jina kubwa.

Swali: Nitajuaje kwamba saizi ni yangu?

Saizi ya soksi hupangwa kwa urefu wa unyayo, wala si kwa urefu wa kila kidole, na hapo ndipo ugumu ulipo. Watu wengi kidole chao cha pili ni kirefu kuliko gumba, na wengine wana vidole vifupi kwenye unyayo mrefu. Ncha ya mfuko ikibaki tupu, kitambaa kile cha ziada kitajikunja na kuleta lengelenge jipya mahali ambapo hapakuwa na shida. Ikiwa fupi mno, itavuta kidole na kubonyeza ukucha. Mwenye vidole vilivyoungana au vilivyopandana sana huenda asipate saizi yoyote inayomfaa, na ni afadhali atumie njia nyingine.

Kisha jaribu soksi hizo pamoja na raba zako, jioni, wakati miguu imekwisha kuvimba kidogo kwa shughuli za siku, kwa kuwa hivyo ndivyo itakavyokuwa katikati ya mbio. Ukisimama wima, kati ya kidole kirefu kuliko vyote na ncha ya kiatu pawe na nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, na mbele ya kiatu pawe papana kiasi cha kuviruhusu vidole vicheze. Kiatu chembamba mbele kitavibana vidole hata ukivivalisha kitambaa cha aina gani.

Swali: Zinavaliwaje? Zangu zinanichukua muda mrefu na huwa zinapinda.

Kaa chini, kausha miguu kabisa, hasa katikati ya vidole, kisha ikunje soksi hadi karibu na ncha. Anza na gumba, uendelee kimoja kimoja hadi kidole kidogo, ukikisukuma kila kidole mpaka kitambaa kiguse shina. Usivute upande wa kisigino kabla vidole vyote havijakaa mahali pake, kwa sababu ukivuta mapema mifuko hupinda na mshono hulala juu ya ukucha. Kidole kidogo ndicho kinachosumbua zaidi. Kishike kwa mkono wa pili na ukiingize polepole. Mguu uliopakwa mafuta mengi huwa mgumu kuvalishwa, na mguu wenye maji huwa mgumu zaidi.

Swali: Nina fangasi kati ya vidole. Soksi hizi zitaniponya?

Hazitaponya. Fangasi wa miguu hupenda joto na unyevu, na kitambaa kinachotenganisha vidole hupunguza unyevu huo, kwa hiyo zinaweza kusaidia kuzuia usirudi. Lakini ugonjwa wenyewe, yaani ngozi inayobanduka, kupasuka, kuwasha na kutoa harufu, hutibiwa kwa dawa ya kupaka kama vile clotrimazole au terbinafine, na kosa linalofanywa na wengi ni kuiacha dawa mara tu mwasho unapokoma. Kwa clotrimazole matibabu huweza kufika wiki 4, hivyo fuata maelekezo ya mfamasia hadi mwisho. Usiazimane soksi na mtu yeyote, hata ndugu yako wa damu. Ukimaliza mazoezi, vua raba, vaa kandambili na uache miguu ipate hewa.

Swali: Nimeziona kwenye mitumba pale Mlango Mmoja. Ni salama?

Vimelea vya fangasi huweza kubaki kwenye kitambaa, kwa hiyo soksi ya mtumba ifuliwe ikiwa imegeuzwa ndani nje, kwa sabuni na maji ya moto ya nyuzijoto 60 hivi, kisha ikauke kabisa. Joto hilo hupunguza umri wa nyuzi za kunyumbulika, lakini kwa ufuaji huo wa kwanza usalama utangulie. Ikiwa imelegea kwenye vidole au kitambaa chake kimekuwa chembamba sehemu ya unyayo, iache sokoni.

Swali: Nikishuka kilima, kucha zinakuwa nyeusi. Nivae soksi gani?

Tatizo hilo si la soksi. Wakati wa kushuka, mguu huteleza mbele ndani ya kiatu na kucha hugonga ncha yake, damu ikavilia chini ya ukucha. Kata kucha mstari mnyoofu, zisizidi ncha ya kidole, na ukaze kamba za kiatu karibu na kifundo kabla ya kuanza mteremko. Kwa mvaaji wa soksi za vidole, kukata kucha kuna umuhimu wa pili: ukucha mrefu hutoboa mfuko wa gumba mapema sana.

Swali: Baada ya mbio tunapenda kuingiza miguu ziwani ipoe. Kuna ubaya?

Upo, na mkubwa. Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi nzima isiyo na kidonda, ndani ya dakika chache tu za mguu kuwa majini, nao wapo katika maeneo mengi ya mwambao wa Ziwa Victoria. Soksi za aina yoyote hazizuii. Kufulia soksi ziwani kunakuweka katika hatari ile ile, kwa kuwa mikono na miguu inakuwa majini. Poza miguu kwa maji ya bomba. Kama umekuwa na mazoea ya kuingia ziwani, nenda kituo cha afya ukapimwe, maana kichocho kina tiba, dawa ya praziquantel, lakini kikiachwa kwa miaka mingi huharibu ini.

Swali: Lengelenge limekwisha kutoka. Nifanye nini?

Likiwa dogo na halina maumivu makali, lisafishe kwa sabuni na maji safi, lifunike kwa plasta na uliache. Ngozi iliyo juu yake ndiyo bandeji bora kuliko zote. Likiwa kubwa na linakuzuia kutembea, unaweza kulitoboa pembeni kwa sindano mpya iliyo safi, ukaminya majimaji polepole na kuiacha ngozi ya juu mahali pake, kisha ukalifunika. Usiibandue. Ukiona usaha, joto na uvimbe vinavyoenea, mtoki kwenye kinena, au homa, hayo si mambo ya kutibiwa nyumbani.

Mwenye kisukari asitoboe kabisa. Kisukari huweza kufisha hisia za miguu, hivyo mtu hutembea na kidonda asikijue, na kidonda hicho hupona kwa shida. Mgonjwa wa kisukari achunguze miguu yake kila siku, hadi katikati ya vidole, avae soksi za rangi nyeupe au hafifu ili damu au majimaji yaonekane mapema, na amwoneshe mhudumu wa kliniki yake soksi za vidole kabla ya kuanza kuzitumia, kwa sababu mfuko unaobana kidole kisicho na hisia unaweza kumdhuru.

Swali: Nimejiandikisha Rock City Marathon na nimenunua jozi mpya. Nizivae siku hiyo?

Usizivae kwa mara ya kwanza siku ya mbio. Anza nazo kwenye mbio fupi za mazoezi, ukiwa na raba zile zile utakazozitumia, kisha ongeza umbali taratibu. Katika siku za mwanzo kuhisi kitu katikati ya vidole ni kawaida, na hisia hiyo hupotea. Mchomo mahali pamoja si kawaida, na unapaswa kusimama, kuvua na kutazama. Mbio ndefu zaidi ya mazoezi yako ndiyo itakayokuonesha kama zinakufaa. Zikikusumbua hapo, kimbia na soksi zako za zamani, na upake mafuta ya mgando kidogo kati ya vidole, ukikumbuka kwamba nguvu yake hupungua kadiri muda unavyokwenda na hulazimu kupaka tena.