Sanamu ndogo za chuma: utajuaje kama zina risasi?

Nimenunua mtandaoni sanamu za askari za mchezo wa mezani kwa bei chee, nashuku ni feki. Zinaweza kuwa na risasi, yaani yale madini mazito yenye sumu (lead), si risasi ya bunduki?

Zinaweza. Zamani nyingi zilisubiwa kwa risasi iliyochanganywa na bati. Ral Partha, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikitengeneza sanamu hizi, iliachana na risasi mwaka 1993. Lakini anayetengeneza kalibu la kuigiza sanamu ya mwenzake hafungwi na maandishi ya boksi, na risasi ni rahisi mno kuliko bati.

Nikiitazama tu sitajua?

Hutajua. Risasi ni laini, na ukiipitisha kwenye karatasi nyeupe huacha mstari wa kijivu kama wa penseli. Hiyo ni dalili tu.

Niipimeje nyumbani?

Tafuta mizani ya sonara. Bandua kitako cha plastiki, pima sanamu ikiwa kavu. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, uitumbukize sanamu kwa uzi izame bila kugusa chini. Gawa uzito wa kwanza kwa namba unayoiona sasa. Sanamu ya gramu 22 ikionyesha 3, jibu ni 7.3, ambalo ndilo la bati. Ikionyesha 2.3, jibu ni karibu 9.6: ishuku sana, maana risasi tupu ni 11.3. Futa mapovu, yanadanganya. Risasi kidogo inaweza kujificha kwenye kipimo hiki, kwa hiyo jibu la uhakika hutoka maabara yenye mashine ya eksirei ya kupima madini.

Nimezishika wiki nzima. Nimedhurika?

Kuzishika si tatizo kubwa. Risasi iliyo ndani ya sanamu haipenyi ngozi kirahisi. Ninachokiogopa ni vumbi la tupa na msasa, halafu vidole hivyohivyo vikashika andazi. Lowanisha unaposugua, futa meza kwa kitambaa chenye maji, usipulize wala kufagia. Nawa kwa sabuni.

Mwanangu wa miaka miwili aliitia moja mdomoni.

Mpeleke hospitali apimwe risasi kwenye damu, hata kama anacheza vizuri. Kama ameimeza, nenda sasa hivi. Mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 ya mtu mzima, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Maziwa hayaitoi, usipoteze muda nayo. Chukua sanamu nyingine ya seti ileile, ifunge kwenye mfuko, daktari aione.