Je, wajua kwa nini lijamu kali, yaani chuma cha mdomoni kinachofungwa hatamu, si dawa ya farasi wa mbio za mapipa?

Desemba 1985, kwenye fainali za taifa za rodeo, michezo ya wachunga ng'ombe wa Marekani, mjini Las Vegas, farasi aitwaye Scamper aliingia uwanjani kwa kasi, mara mikanda ya kichwani inayoshika lijamu ikamtoka. Aliyempanda, Charmayne James, alikuwa na miaka 15. Kabla mbio hazijaisha lijamu nayo ilikuwa imemtoka farasi mdomoni. Scamper akazunguka mapipa yote, akamaliza bila chuma chochote kinywani na kushinda raundi hiyo. James alikuja kutwaa ubingwa wa dunia mara 11.

Sasa, kama farasi aliyefundika anaweza kwenda bila lijamu, mbona zizi la mpanda farasi wa Marekani limetundikwa lijamu za kila namna?

Kwanza tuuone mchezo wenyewe. Mapipa matatu husimamishwa kwa umbo la pembetatu, na kwa vipimo vya kawaida la kwanza na la pili huwa mita 27 kutoka moja hadi jingine, la tatu mita 32 kutoka kwa kila mojawapo. Farasi anakuja mbio, anakata mwendo ghafla kwa miguu ya nyuma, analizunguka pipa karibu kuligusa, kisha anafyatuka kuelekea linalofuata. Ukiliangusha pipa, unaongezewa sekunde 5, na hapo umeshaaga ushindi. Aghalabu kwenye kona mpandaji hushika hatamu kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa umeshika pembe ya tandiko, kile kishikio kilichochomoza mbele yake. Kwa hiyo lijamu inatakiwa kumwambia farasi apunguze mwendo, apinde shingo na asiangushe bega kuelekea pipa. Halafu akishamaliza pipa la mwisho, inyamaze kabisa.

Ufunue mdomo wa farasi. Nyuma ya meno ya mbele kuna pengo lisilo na jino, ufizi mwembamba juu ya mfupa wa taya. Hapo ndipo chuma kinapokaa, pamoja na ulimi. Lijamu nyepesi kuliko nyingi ni ile ya pete mbili: ukivuta kilo moja, mdomo unapata kilo moja. Ukivuta hatamu ya kushoto, farasi anajua ni kushoto.

Zile zenye vyuma virefu vinavyoning'inia kando ya mdomo ni wenzo, mfano wa mpini wa pampu ya kisima. Kama sehemu iliyo juu ya mdomo ni sentimita 5 na iliyo chini ni 15, mvuto wa mkono wako unazidishwa mara tatu hivi, na sehemu yake inaangukia kidevuni, panapopita mnyororo wa lijamu, na kisogoni. Vyuma virefu vina nguvu lakini huchelewa kidogo, hivyo farasi anapata onyo kabla ya kubanwa. Vifupi hujibu upesi. Ipo pia aina inayopendwa sana na wapanda mbio za mapipa, ambayo chuma cha mdomoni huteleza kwenda juu kwanza. Hiyo humwinua farasi kichwa na bega kabla ya kona.

Ndiyo maana farasi mvivu wa kupinda hupewa chuma chenye viungo, kila upande ufanye kazi yake, na anayeinamisha bega hupewa kinachoinua. Farasi mwenye mdomo mwepesi mwachie ya pete, au hatamu ya puani isiyo na chuma kabisa.

Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni kumpa chuma cha waya uliosokotwa farasi anayekataa kusimama. Maumivu humfanya akimbie zaidi. Atatupa kichwa juu, atapanua mdomo, na mwishowe atagoma hata kuingia uwanjani. Mara nyingi shida ni mkono mzito wa mpandaji, mafunzo ya mwendo wa polepole yaliyorukwa, au jino. Farasi wengi huota kijino kidogo mbele ya magego, pale pale chuma kinapopita, na daktari wa mifugo hukitoa kwa muda mfupi tu. Mwite huyo kabla hujaenda dukani kununua lijamu nyingine.